Sarafu Iliyomponyoka Mfalme Farouk

Miongoni mwa hazina za Mfalme Farouk wa Misri ilikuwamo sarafu ya dhahabu ya Marekani ya dola 20, iliyotengenezwa mwaka 1933. Zilitengenezwa 445,500, lakini hazikuingia sokoni. Mwaka huo huo Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru raia warejeshe dhahabu yao, na sarafu hizo zikayeyushwa. Chache zilitoroshwa. Moja ilimfikia Farouk, na mwaka 1944 maofisa wa Marekani, pasipo kutambua, walitoa kibali isafirishwe.

Mwaka 1952 Farouk alipinduliwa. Hazina yake iliponadiwa Cairo mwaka 1954, Marekani iliidai sarafu hiyo. Ikaondolewa mnadani, kisha ikatoweka.

Mwaka 1996 ilinaswa New York sarafu inayoaminika kuwa ndiyo hiyo. Baada ya kesi, iliuzwa mwaka 2002 kwa zaidi ya dola milioni 7.5, mnunuzi akaongeza dola 20 ili ihesabiwe fedha halali. Mwaka 2021 ilifikia dola milioni 18.9.

Farouk alifia uhamishoni Roma mwaka 1965. Dhahabu ingali inang'aa mikononi mwa wengine. Yeye hakuondoka na hata chembe yake.