Michezo ya shule: Kwa nini Nyanza huitwa mkoa mgumu

Shabiki wa soka ya shule kule Birongo, Kaunti ya Kisii, anapodai kuwa Nyanza ni ngumu kuliko mikoa mingine, hapigi porojo. Michezo ya shule za sekondari ingali inafuata mikoa minane ya zamani, ingawa Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47. Hivyo bingwa wa Kisii au Nyamira hupambana na wenzake wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Kaskazini Mashariki ina kaunti tatu tu: Garissa, Wajir na Mandera. Nafasi za fainali za kitaifa hugawiwa mikoa, hivyo anayetolewa Nyanza hubaki nyumbani hata kama angewalaza mabingwa wa kwingineko. Lakini ugumu si wapinzani pekee. Kutoka Mandera hadi Garissa ni mamia ya kilomita, nayo miguu iliyochoka safarini hailindi lango.