Maji Yenye Jiwe Ndani Yake

Mwaka uliopita nilikaa majuma matatu katika mji wa Canterbury, katika jimbo la Kent huko Uingereza, nyumbani kwa binti wa kaka yangu, afanyaye kazi huko pamoja na mumewe. Siku ya kwanza nilikwenda bombani kuteka maji ya chai. Akanizuia, akasema, "Baba mdogo, maji hayo hatunywi. Tazama." Akafunua birika, nami nikaona ndani yake ukoko mweupe, mgumu kama chokaa ya ukutani, na vipande vyake vikielea majini.

Mwanangu huyo alidhani mabomba ya mji yameoza. Kwa hiyo kila Jumamosi alinunua maji ya chupa kwa chai, kwa uji, na kwa maziwa ya mtoto wake mchanga. Na fedha aliyoazimia kumpelekea mama yake huku nyumbani ikapungua kila mwezi. Jambo hilo likanisumbua. Kuuliza si ujinga. Nikauliza kwa wenye elimu, na haya ndiyo niliyojifunza.

Vilima vya Kent ni vya chaki. Chaki hiyo ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya baharini, vilivyokufa na kutuama chini ya bahari kati ya miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita. Mvua inyeshapo hupenya udongo, na humo huchukua hewa ya kaboni, ikawa na ukali kidogo sana. Ikishuka hata kwenye chaki huyeyusha jiwe kidogo kidogo, nalo halionekani tena, kama chumvi isivyoonekana katika mchuzi. Lakini maji yakichemshwa, hewa ile hutoka, na jiwe hurudi kuwa jiwe, likashika birika. Basi ukoko ule si uoza wala kutu. Ni chaki ya vilima vile vile.

Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Penye chaki si ajabu lita moja kuwa na miligramu 300 za jiwe. Nyumba ikichemsha lita 3 kila siku, kwa mwaka mmoja zaidi ya gramu 300 zitapita katika birika, ingawa si zote hushika.

Je, yanadhuru anywaye? Shirika la Afya Duniani halikuweka mpaka wowote wa ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Tena kalisi iliyomo ndiyo ijengayo mifupa. Na kwa maziwa ya mtoto mchanga, madaktari wa Uingereza hushauri maji ya bomba yaliyochemshwa wakati ule ule, wala si ya chupa, kwa kuwa ya chupa huenda yana chumvi iliyozidi. Mwanangu aliposikia hayo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nikilipa ili nikosee."

Alikuwa ameshauriwa pia kukopa fedha anunue mtambo wa kulainisha maji, kwa sababu mtoto wake mkubwa ana ukurutu. Lakini mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa watoto 336 wenye ugonjwa huo. Waliowekewa mtambo nyumbani hawakupata nafuu kuliko wasiowekewa. Mtambo huo huokoa mabomba na sabuni, ni kweli, lakini si dawa ya ukurutu. Tena mwenye nao yampasa kuacha bomba moja lisilopita mtamboni, kwa kunywa na kwa maziwa ya mtoto, kwa maana mitambo mingi huongeza sodiamu katika maji.

Hasara ya maji magumu, basi, ni ya mfuko na ya mikono. Sabuni ya kipande hukataa kutoa povu mpaka imekwisha kushikana na kalisi yote, ikaacha utando mweupe katika beseni na nguo zikakakamaa. Ukoko nao huzuia moto usiyafikie maji upesi. Dawa yake ni nyepesi: tia siki au maji ya limau katika birika, uache saa moja, jiwe litatoa mapovu na kulegea. Usichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo, maana hutoka hewa ya sumu. Kisha suuza, uchemshe maji mara moja na kuyamwaga. Kwa kufua, tumia sabuni ya unga. Vyombo vifutwe kwa kitambaa kikavu kabla matone hayajakauka.

Nanyi waalimu, mambo haya si ya Uingereza tu. Visima vya Unguja vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe hutoa maji magumu pia. Chukueni chupa mbili, moja ya maji ya kisima, moja ya maji ya mvua; tieni katika kila moja vipande vya sabuni vilivyo sawa, mkatikise. Watoto wataona wenyewe tofauti ya povu.

Jumamosi ya pili tulisafisha birika kwa malimau mawili. Mwanangu akateka maji bombani, akachemsha, akatumiminia sote chai. Na siku ile hakwenda dukani kununua maji.