Fahamu: Anayezalisha panya wa kufugwa anabeba dhima gani?

Mwishoni mwa 2016, mtu aliyekuwa akizalisha panya nyumbani kwake katika jimbo la Wisconsin, Marekani, alilazwa hospitalini kwa homa. Chanzo kilikuwa virusi vya Seoul, kutoka kwa panya wake mwenyewe. Uchunguzi ulipofuata nyayo za panya hao, watu 17 walibainika kuambukizwa. Wanyama walikuwa wakiuzwa na kubadilishwa jimbo hadi jimbo.

Dhima inaanzia hapo, na hesabu ya kuzaana kwao inatisha. Panya jike hupevuka akiwa na wiki tano au sita tu. Hubeba mimba siku 21 hadi 23, huzaa watoto kumi hivi, na ndani ya siku moja anaweza kushika mimba nyingine iwapo dume ameachwa kizimbani. Usipotenganisha madume na majike mapema, dada atazaa na kaka. Nani atawachukua wote?

Kisha afya. Msogeze panya sikioni: ukisikia mkoromo, huenda mapafu yana shida, na huyo si wa kuzalishwa. Ute mwekundu machoni si damu, ingawa huwashtua wengi. Ni dalili ya msongo au ugonjwa. Mzalishaji makini hufuatilia ukoo hadi kila mmoja anapokufa, kwa sababu uvimbe wa matiti hujitokeza zaidi uzeeni, yaani karibu na mwaka wa pili, jike akiwa ameshazaa.

Wanaozalisha panya wasio na mkia kwa urembo tu, kusema kweli siwaelewi. Mkia ndio humpoza panya mwili na kumpa mizani anapopanda.