Ndege wa lupango na ndege ya safari



Hapa tumezoea kuandika juu ya mahindi na mihogo. Leo ninatoka shambani kidogo. Mtoto wa dada yangu ana miaka sita. Ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa: hatembei, shingo inachoka haraka, na kelele ya gafula inamkakamaza mwili mzima. Munganga alituomba tumpeleke Lubumbashi. Toka Kamina, gari moshi inaweza kuchukua siku kadhaa, na barabara munaijua wenyewe. Familia ikachanga feza, tukanunua tiketi za ndege.

Hatukupanda. Tulifika kiwanjani na mtoto na kiti chake cha magurudumu bila kumwambia mtu mbele. Hakuna aliyejua kiti kitaingia wapi wala nani atambeba kwenye ngazi. Mtoto akasikia mashini, akalia mpaka akakosa pumzi. Tukarudi nyumbani, na siku ya munganga ikapita. Ninaandika ili mzazi mwengine asirudi sawa sisi.

Cha kushangaza, aliyetufundisha njia ni ndege wa lupango.

Mtoto huyu anashinda chini ya mwembe. Kwetu kiangazi kinaanza karibu na mwezi wa tano mpaka wa tisa, maji ni haba, njo wakati ndege wanakaribia nyumba. Tukaweka sahani pana ya udongo, maji ya kina cha vidole viwili, tunabadilisha kila asubuhi. Kando yake, kiganja kimoja cha mtama na chenga za mahindi. Saa ile ile, pahali pale pale. Mwanzo kiti chake kilikaa mbali, hatua kumi. Kila siku tatu ao ine tunakisogeza hatua moja. Usimkazie ndege macho, maana anakuona mwindaji. Usisimame gafula. Manati za ndugu zake tulizificha, na paka tulimfungia asubuhi.

Shomoro walikuja wa kwanza, kisha njiwa wa pori. Yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia hataki mtama, anatafuta wadudu, kwa hiyo ni rafiki wa mkulima. Siku moja mtoto alitetemeka, wote wakaruka. Kisha kidogo, wakarudi. Alicheka! Akajifunza kwamba kinachoondoka kinaweza kurudi, na akaanza kungoja. Kisha miezi miwili shomoro alikula juu ya kimeza cha kiti chake.

Neno moja la mtu wa kilimo: usiwafungie ndani ya tundu, usiwape mkate wenye chumvi, nawa mikono, usiguse ndege aliyekufa. Sahani ikae mbali na kuku, maana ugonjwa wa Newcastle unaweza kupita kwa ndege wa pori.

Njo pale dada alisema: "Shi huyu mutoto hakatai ndege. Anakataa gafula tu!" Alikuwa na haki. Tukaamua safari ya pili isimshtue mtoto, wala isiwashtue wafanyakazi.

Kwa mtoto: kila asubuhi kisha ndege kula, tulimkalisha kwenye kiti cha nyumba, tukamfunga kitambaa kiunoni sawa mkanda, tukaweka mlio wa mashini kwenye simu. Kwanza chini sana, kila siku tunaongeza kidogo.

Kwa kampuni: sema siku ya kununua tiketi, na rudia angalau saa 48 mbele ya safari. Kampuni za dunia nzima zinatumia alama zile zile. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kwenda mbali. WCHS hawezi ngazi. WCHC anabebwa mpaka kwenye kiti chake. Wetu ni WCHC. Hakikisha alama imeandikwa kwenye tiketi, si kwa mdomo tu.

Munganga naye aulizwe mapema. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu inaweza kuwa nyepesi sawa ya mlima wa mita 2400, na Kamina iko karibu mita 1100. Mwenye shida ya moyo ao mapafu asipande bila munganga kukubali. Dawa, zaidi za kifafa, zikae mkononi pamoja na karatasi ya munganga, zisiende na mizigo.

Kiti cha magurudumu kipige picha, andika jina, toa mto na vipande vinavyotoka, ingia navyo. Mtoto akipita miaka miwili anahitaji kiti chake mwenyewe, na hatakalishwa kwenye mlango wa dharura. Kama shingo haina nguvu, uliza mbele kama wanakubali mkanda wa kumshikilia. Omba kuingia wa kwanza, na jua mutatoka wa mwisho. Kwenye ngazi wabebe watu wawili: mmoja chini ya makwapa, mwengine chini ya magoti. Ndege ikishuka, masikio yanauma. Kumeza kidogo kidogo kunasaidia, lakini mtoto anayepaliwa, uliza munganga kwanza.

Na usiombe kama mtu anayeomba sadaka. Katiba yetu, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na sheria ya 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ilitungwa kwa ajili yake.

Safari ya pili, mashini iliponguruma, mtoto alikakamaa. Dada akamwambia polepole: "Ngoja, batarudia." Ni neno lake la chini ya mwembe. Akangoja. Tulifika Lubumbashi.

Siku zile zote, mtoto wa jirani njo aliweka maji kwenye sahani. Tuliporudi, shomoro walikuwa pale.