Namba ya Mlipakodi na Mtu Anayejiajiri: Mfano wa Qurus

Swali la kodi ni swali la siasa kabla halijawa swali la hesabu. Nani anamtoza nani, kwa kipimo gani, na fedha inayopatikana inamtumikia nani: hayo ndiyo mambo ambayo kada hana budi kuyaelewa kabla hajasimama mbele ya wananchi kuwahimiza kulipa. Katika makala haya tutachukua sehemu moja tu ya swali hilo, sehemu ambayo katika semina zetu huachwa kwa kuwa inaonekana ni kazi ya makarani. Nayo ni namba ya utambulisho wa mlipakodi, ambayo wananchi huiita TIN namba, na jinsi mtu anayejiajiri anavyoweza kuijua yake. Mtu asiyeijua namba yake hukadiriwa na wengine, na makadirio hayo humgharimu fedha halisi.

Tuchukue Qurus, kata iliyo katika Wilaya ya Karatu, ambayo katika miaka ya 1990 ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbulu. Wengi wa wananchi wake ni wakulima wa mahindi, maharage, ngano na mbaazi. Lakini mashamba hayaongezeki na watoto wanaongezeka, na barabara ya lami iendayo lango la Ngorongoro imeleta mjini Karatu hoteli, gereji na biashara za kila namna. Kijana wa Qurus leo hulima msimu wa mvua, kisha hushona nguo, huendesha bodaboda, hununua mbaazi kwa majirani na kuziuza mnadani, au hubeba mizigo ya watalii. Huyu ndiye tunayemwita mtu anayejiajiri.

Kabla ya kumwambia mtu huyu habari za namba, kada akumbuke historia inayomfanya aogope. Wakoloni wa Kijerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897. Waliihesabu nyumba, aliyelala ndani yake hawakuwa na haja ya kumjua, isipokuwa kama nguvukazi. Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Shabaha haikuwa mapato peke yake. Mtu aliyetakiwa kulipa kwa fedha alilazimika kuitafuta fedha hiyo, na mara nyingi ilipatikana kwa kibarua tu. Walowezi waliolima kahawa Oldeani, karibu kabisa na Qurus, katika kipindi cha kati ya vita viwili vikuu vya dunia, walihitaji vibarua wa namna hiyo.

Baada ya uhuru, kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969. Serikali za Mitaa ziliporudishwa katika miaka ya mwanzo ya 1980, kodi hiyo ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, na ikaendelea hadi ilipofutwa mwaka 2003. Wazee wengi wanakumbuka mgambo, vizuizi barabarani, na wanaume waliolala porini kwa kukosa stakabadhi. Na mjini, chini ya Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, mtu ambaye kazi yake haikutambulika aliweza kukamatwa kama mzururaji na kurudishwa kijijini. Kwa hiyo mzee wa Qurus anaposikia kwamba serikali inataka kila mtu awe na namba, asibezwe akishtuka. Kazi ya kada ni kumwonyesha tofauti iliyopo, kama ipo.

Tofauti ipo. Kodi ya kichwa ilimtoza mtu kwa sababu yupo. Kodi ya mapato inamtoza kwa sababu amepata, na inatakiwa imwache asiyepata. Namba ndiyo inayounganisha mtu na kumbukumbu ya alichopata na alicholipa. Bila uhusiano huo tunarudi kulekule kwa mtozaji kukisia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutahadharisha kwamba kodi haiwezi kukamua zaidi ya kile ambacho wananchi wanazalisha. Na huwezi kujua wanazalisha nini ikiwa humjui mzalishaji.

Sasa namba yenyewe. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996, na ndiyo yenye madaraka ya kuitoa. Ni tarakimu 9, ambazo kwa kawaida huandikwa tatu tatu. Hutolewa bure, na mtu mmoja ana haki ya namba moja tu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka anayeanza biashara aiombe ndani ya siku 15.

Mwananchi ana namba nyingi mfukoni na huzichanganya. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nayo huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kumbukumbu namba ya malipo, ile inayoitwa kontroo namba, ina tarakimu 12 na huanza na 99. Hiyo ni ya malipo mamoja, na yakishalipwa imekwisha kazi yake. Vilevile kuna vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Tarehe 10 Desemba 2018 Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000, kila kimoja kikitolewa kwa shilingi 20,000, kwa wafanyabiashara ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kitambulisho hicho kilimkinga mmachinga asibughudhiwe, lakini hakikuwa TIN, na aliyekitunza hadi leo akidhani ni TIN anajidanganya.

Wengi wanaodai kwamba hawana namba wanayo. Kijana aliyeomba leseni ya udereva alipewa namba, kwa kuwa leseni haiombwi bila namba hiyo. Aliyesajili pikipiki kwa jina lake anayo, na huikuta kwenye kadi ya usajili. Aliyewahi kukata leseni ya biashara halmashauri anayo, kwa sababu leseni hiyo pia huombwa kwa TIN. Namba iliyotolewa kwa ajili ya leseni ya udereva au chombo huwa ni namba isiyo ya biashara. Mtu akianza biashara haombi nyingine: huenda kuibadili matumizi ile aliyo nayo, na tarakimu hubaki zilezile. Kosa tunaloliona mara nyingi ni la mtu kusahau namba ya leseni, kwenda kuomba upya, kukataliwa na mtambo kwamba alama zake za vidole zimekwisha sajiliwa, kisha kurudi nyumbani akiamini kwamba amenyimwa.

Kwa hiyo njia ya kuitafuta ni hii. Kwanza mtu apekue karatasi zake mwenyewe: cheti cha TIN, karatasi za malipo ya leseni ya udereva, kadi ya chombo, leseni ya biashara, makadirio ya miaka iliyopita. Wairaqw wa Qurus, kama wakulima wengine, hutunza karatasi ndani ya sanduku au mfuko wa nailoni juu ya dari, na huko ndiko kwa kuanzia. Asipoiona, namba ya NIDA ndiyo ufunguo, kwa kuwa usajili wa mtu binafsi sasa umefungwa kwenye namba hiyo. Anaweza kuitumia katika tovuti ya Mamlaka, kwa simu yake au ya mtu anayemwamini. Ikishindikana, aende yeye mwenyewe katika ofisi ya Mamlaka akiwa na kitambulisho au namba ya NIDA. Kitambulisho cha plastiki si lazima kiwe kimefika. Wengi walipata namba muda mrefu kabla ya kadi. Ofisini aulize jambo moja la ziada ambalo watu hawaulizi: namba yangu imeandikwa ni ya biashara au si ya biashara, na kama ni ya biashara, ni biashara gani na ya mahali gani?

Hapa tusimame kidogo kwenye bodaboda, maana ndipo neno hili kujiajiri linapofunuliwa. Vijana wengi wanaoendesha pikipiki kati ya Qurus na Karatu si wenye pikipiki. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, au wamo kwenye mkataba wa kulipa kidogo kidogo hadi pikipiki iwe yao. Juu ya pikipiki moja kuna namba mbili: ya mwenye chombo kwenye kadi, na ya dereva kwenye kumbukumbu za leseni. Anayepeleka hesabu anaitwa mtu aliyejiajiri, wakati kwa uhusiano wa uzalishaji ni kibarua asiye na mkataba wa kazi, asiye na likizo wala mfuko wa hifadhi, ambaye tajiri wake amejificha nyuma ya neno. Kada asikubali kijana huyo abebeshwe kodi ya chombo kisicho chake. Na kijana aliyemaliza mkataba asikubali kupokea pikipiki bila kadi kuhamishiwa jina na namba yake. Vinginevyo amelipa miaka miwili na bado, kwa maandishi, mali ni ya mwingine.

Turudi kwenye fedha. Tumchukue fundi cherehani wa Qurus anayeshona sare za shule. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi hii ya mapato. Mauzo yakiwa kati ya 4,000,000 na 7,000,000, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi 4,000,000, na asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Kati ya 7,000,000 na 11,000,000, mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi 7,000,000. Asiye na kumbukumbu hulipa 250,000.

Sasa tupige hesabu. Fundi wetu akiuza kwa 5,000,000 na ana daftari, kodi yake ni shilingi 30,000. Fundi wa jirani yake, mauzo yaleyale, cherehani ileile, lakini hana daftari, atalipa 100,000. Tofauti ni shilingi 70,000. Kwa mauzo ya 10,000,000, wa kwanza hulipa 180,000 na wa pili 250,000. Tena ni 70,000. Na fundi wa tatu, aliyeuza kwa 3,800,000 tu, hadaiwi kitu. Lakini kama hana cha kuonyesha, nani atamwamini kwamba hakufika 4,000,000? Mnyonge anaumizwa zaidi kwa kukosa maandishi kuliko kwa kiwango chenyewe.

Tuseme pia upungufu uliopo. Kipimo hiki ni cha mauzo, hakijali faida. Fundi anayenunua vitambaa kwa bei kubwa Arusha na fundi anayeletewa kitambaa na mteja wanaweza kubaki na kipato sawa kabisa mfukoni, lakini wa kwanza ataonekana ameuza mara mbili ya wa pili. Hilo ni jambo la kujadiliwa ndani ya vikao vya Chama na kupelekwa mbele, wala si la kunong'onwa dukani.

Waziri wa Fedha na Mipango, Mwigulu Nchemba, katika hotuba ya bajeti ya Juni 2022, alieleza mpango wa kumpa namba kila mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea aliyesajiliwa na NIDA, akifafanua kwamba si kila mwenye namba atalipa kodi. Ufafanuzi huo ndio unaopotea njiani kabla haujafika kijijini. Kinachofika ni nusu ya kwanza, na hofu ya kodi ya kichwa inaijaza nusu ya pili.

Katika pengo hilo ndipo anapoingia kishoka. Huyu hukaa karibu na ofisi au kwenye kibanda cha steshenari, na huuza kwa shilingi elfu kadhaa kitu ambacho serikali inakitoa bure. Mbaya zaidi, huandika simu yake mwenyewe mahali pa simu ya mwananchi, ili kila taarifa ya Mamlaka ifike kwake na kila tatizo limrudishie mteja. Huchagua aina ya biashara asiyoijua mwombaji. Mara nyingine namba hutumika kusajili chombo cha mtu mwingine, na deni humfuata mwenye namba. Kumfukuza kishoka kwa maneno hakusaidii ikiwa kada mwenyewe hawezi kumwelekeza mwananchi hata kwenye karatasi zake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipiga vita dharau ya viongozi kwa wananchi. Kumwambia mama wa Qurus aliyetembea hadi ofisi ya kata kwamba mambo hayo yapo mtandaoni, kisha kuinamia simu yako, ni dharau ileile.

Kada anayesaidia asaidie mwananchi akiwa amekaa naye, simu ikiwa ya mwananchi, na neno la siri likiandikwa na mwananchi. Asiweke daftari la namba za watu wa kitongoji, hata kwa nia njema. Orodha ya namna hiyo ikiwa mikononi mwa mtu mmoja tayari ni madaraka ambayo hakuna aliyempa.

Limebaki jambo la mwenye kufunga biashara. Fundi wetu akihama msimu mzima kwenda kulima vitunguu Mang'ola na kufunga cherehani, namba yake haifi, wala makadirio hayasimami yenyewe. Awamu za malipo huendelea kuhesabiwa mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na akirudi atakuta deni la kazi ambayo hakuifanya. Hana budi kuiarifu ofisi kwa maandishi siku anapofunga, apate nakala iliyogongwa muhuri, na aiweke pamoja na cheti chake, kwenye mfuko uleule wa nailoni.