Lala Kabla ya Trei Kufika

Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018, huondoka usiku na kuchukua takribani saa 15. Abiria huona ana muda tele wa kulala. Hana. Ndege inaelekea magharibi, kwa hiyo giza huandamana nayo karibu njia nzima, lakini saa ya mwili haichungulii dirishani. Hiyo bado iko Nairobi. Ukiruka karibu na saa 6 usiku, usingizi mzito utaupata mpaka saa 12 hivi asubuhi ya nyumbani, yaani katika nusu ya kwanza ya safari. Baada ya hapo, hata kukiwa giza totoro juu ya Atlantiki, joto la mwili limeshaanza kupanda na melatonini, homoni ya usiku, imepungua. Unatua New York asubuhi huku mwili ukiamini ni saa 9 hivi alasiri.

Kinachowaponza wengi ni kusubiri chakula. Trei ije, iondolewe, kisha filamu moja tu, na saa tatu bora zimekwenda. Kula uwanjani, funga mkanda juu ya blanketi ili mhudumu auone bila kukuamsha, ulale.

Kurudi ni kinyume. Ndege huondoka New York mchana na kutua Nairobi asubuhi, na kwa aliyekaa Marekani wiki kadhaa, usiku wa mwili unaanza saa chache tu kabla ya kutua. Hapo filamu ruksa mwanzoni. Cha kukataa ni kifungua kinywa.

Halafu kuna hewa. Ndege nyingi hushikilia kanieneo ya ndani inayolingana na mwinuko wa hadi mita 2,400. Boeing 787, inayotumika katika safari hii, haizidi mita 1,800 hivi, ambayo ni kama Nairobi yenyewe. Mtu wa Mombasa ataihisi zaidi kuliko mtu wa Kikuyu au Limuru. Oksijeni damuni hupungua kidogo, na mwenye afya hustahimili. Pombe ndiyo huharibu. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walilaza watu wenye afya katika chumba chenye kanieneo ya ndege, wakiwa wamekunywa kiasi cha glasi mbili hivi za mvinyo: oksijeni ilishuka hadi takribani asilimia 85 na moyo ukaenda mbio usingizini. Mgonjwa wa moyo au mapafu asiichukulie glasi hiyo kuwa dawa ya usingizi.

Shingo nayo ina sababu yake ya kukuamsha. Katika hatua ya ndoto misuli hulegea kabisa, kichwa kinaanguka, unashtuka. Mto wa shingo husaidia ukizuia kidevu mbele; wengi huuvaa sehemu nene ikiwa nyuma, mahali ambapo kiti tayari kinatosha.

Vidonge vya usingizi sivipendi angani. Humfanya mtu akae saa nyingi bila kugeuka, miguu ikining'inia, na damu iliyotuama kwenye mashavu ya miguu huweza kuganda. Aliyewahi kuganda damu, mjamzito, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji amwone daktari kabla ya kusafiri, aulize pia kuhusu soksi za kubana.