Fedha za Masomo na Safari ya Mwanafunzi Hodari

Mfugaji akisikia kwamba mnada wa karibu una bei nzuri, hapeleki ng'ombe wake mnada wa mbali. Wanafunzi hodari nao huvutwa na fedha namna hiyo hiyo.

Kuna misaada ya masomo ya aina mbili. Wa kwanza hupewa mwanafunzi ambaye wazazi wake hawana uwezo. Wa pili hupewa mwanafunzi aliyefaulu vizuri sana, awe mtoto wa tajiri au wa maskini. Huu wa pili ni ufadhili wa ufaulu, na ndio tutakaoueleza.

Hebu tutazame Marekani. Nchi hiyo ina majimbo 50, na kila jimbo lina vyuo vikuu vyake. Katika jimbo la Georgia, vijana wengi waliofaulu sana walikuwa wakienda kusoma majimbo mengine. Viongozi walihofu kwamba vijana hao wakizoea huko hawatarudi.

Mwaka 1992 wananchi wa Georgia walipiga kura wakakubali bahati nasibu ya serikali. Mwaka 1993 gavana wao, Zell Miller, akaanzisha ufadhili unaolipwa kwa fedha za bahati nasibu hiyo. Unaitwa HOPE, maana yake Tumaini. Mwanafunzi aliyepata wastani wa daraja B katika sekondari alilipiwa ada, lakini kwa sharti kwamba asome chuo kilichomo Georgia.

Matokeo yalionekana. Vijana hodari wengi zaidi walibaki kwao. Lakini walipobaki, walijaza nafasi katika chuo kikuu kikubwa cha jimbo, kilichopo mji wa Athens. Ikawa vigumu zaidi kuingia chuoni hapo. Mwanafunzi wa kati, ambaye zamani angepata nafasi, akaenda chuo kingine.

Jambo la pili ni sharti la kubaki na wastani wa B hata chuoni. Anayeshuka hupoteza ufadhili. Basi baadhi ya wanafunzi walianza kuchukua masomo machache kwa muhula, na kuacha katikati masomo yaliyowashinda. Walilinda alama ili walinde fedha. Mimi siwalaumu. Mtu akiogopa kupoteza kitu, hukishika kwa mikono miwili.

Jambo la tatu ni chanzo cha fedha. Maskini walitumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chao kununua tiketi za bahati nasibu. Watoto wa wenye uwezo ndio waliopata sehemu kubwa ya ufadhili, kwa sababu walisoma shule nzuri na kufaulu. Maskini alichangia karo ya mtoto wa tajiri! Tena gharama zilikua kuliko mapato. Mwaka 2011 jimbo lilipunguza malipo, na ada yote ikalipwa kwa waliofaulu zaidi tu. Wengine walisubiri hadi mwaka 2023 ndipo wakarudishiwa ada kamili.

Sasa tazama jimbo la Massachusetts, ambako mambo yalikwenda vibaya zaidi. Mwaka 2004 jimbo lilitangaza ufadhili unaoitwa Adams. Waliofaulu mtihani wa jimbo walisamehewa ada katika vyuo vya umma vya jimbo hilo. Barua zilifika nyumbani zikiwa na habari njema, na wazazi walifurahi.

Lakini katika vyuo hivyo ada ilikuwa jambo moja na michango jambo lingine. Katika chuo kikuu cha umma cha Amherst, ada iliyosamehewa ilikuwa dola 1,714 kwa mwaka. Michango ilikuwa mara kadhaa ya hiyo, na haikusamehewa. Sisi tuliosomesha watoto tunajua habari hii: unaambiwa ada hakuna, kisha unapewa orodha ya michango.

Watafiti wawili, Sarah Cohodes na Joshua Goodman, walichunguza jambo hili. Walilinganisha wanafunzi waliopita kidogo tu alama ya kufuzu na wale waliokosa kidogo tu. Akili zao zilikuwa karibu sawa. Tofauti yao ilikuwa ile barua.

Mwaka 2014 walichapisha matokeo. Baadhi ya waliopata barua waliacha vyuo bora ambavyo wangeweza kuingia, wakachagua vyuo vya jimbo vilivyokuwa na uwezo mdogo zaidi. Kisha waliomaliza masomo yao wakapungua. Chuo chenye walimu wachache na vifaa vichache huchelewesha hata mwanafunzi mwenye akili. Fedha kidogo iliwavuta, na baadhi yao wakakosa shahada.

Hapa Tanzania, serikali ilianzisha Samia Skolashipu katika mwaka wa masomo 2022/2023. Ni kwa vijana wanaofaulu sana masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita. Walitakiwa wawe wamepata nafasi katika vyuo vya nchini, wasomee fani kama uhandisi, udaktari na hisabati. Ufadhili huu ulipoanza ulilipa ada pamoja na chakula, malazi na vitabu. Kwa hiyo haukufanana na ule wa Massachusetts, uliomwachia mzazi mzigo mkubwa. Lakini nao huvuta: kijana aliyetaka kusomea sheria au uchumi hupiga hesabu upya akiona mwenzake wa sayansi amelipiwa kila kitu.